Mombasa, Malindi na kurudi kwa siku moja: nendeni mbali kwanza, msimame mkirudi

Wengi wanaotoka Mombasa kwenda Malindi kwa gari la kukodi husimama kila mahali wakati wa kwenda. Mtwapa chai, Vipingo picha kwenye mashamba ya mkonge, Kilifi chakula. Wakifika Gede ni saa 8 mchana, jua kali, miguu imechoka, na Malindi wanaiona kupitia dirishani tu. Kisha warudi gizani kilomita 120, malori yakiwamulika usoni, bodaboda hazina taa, na kabla ya kufika Nyali maneno makali yameshawatoka.

Mimi na mume wangu hatuna gari. Tukipata siku ya nafasi tunakodi, na katika njia zote za Pwani hii ya kwenda kaskazini ndiyo tuipendayo. Utaratibu wetu ni mmoja: asubuhi tunakwenda moja kwa moja mpaka mbali, na kusimama ni wakati wa kurudi.

Sababu iko barabarani penyewe. Kenya tunaendesha upande wa kushoto. Ukielekea kaskazini bahari iko kulia, na kila kichochoro cha kwenda ufukweni kinakulazimisha ukate mbele ya magari yanayokuja. Ukirudi, bahari imehamia kushoto. Watamu, Kilifi mjini, Takaungu, Jumba la Mtwana, kote unakunja kushoto, basi. Tena kila mnaposimama mko karibu na nyumbani kuliko mlipokuwa. Mkichoka, au mkinogewa mahali mkakaa saa mbili zaidi, mnaruka kituo kinachofuata na siku haiharibiki.

Chagueni siku kwa kutazama mwezi

Kabla ya kupiga simu kuulizia gari, fungueni kalenda ya Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe mosi na tarehe 15 hivi pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu, siku hizo maji hupwa karibu na saa 4 asubuhi, na kujaa karibu na saa 10 alasiri. Kila kukicha yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Ikifika tarehe 8 au 22 mambo yamegeuka, saa 4 asubuhi ndipo yanapojaa na saa 10 alasiri ndipo yanapopwa. Lakini hayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayaendi mbali.

Hesabu hii ndogo ndiyo inayopanga siku nzima. Mkienda siku ya bamvua, anzeni Watamu, mfike kabla ya saa 3 asubuhi. Maji yanaondoka, mawe ya matumbawe yaliyo ndani ya ghuba yanabaki yamesimama juu ya mchanga, na mnayafikia kwa miguu. Malindi iwe ya mchana. Alasiri mkirudi, hori la Mida na hori la Kilifi, ile mikono ya bahari inayoingia bara, yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Mkienda siku ya maji mafu, Malindi iwe ya kwanza na Watamu ya mchana, kwa kuwa hata saa 7 bado mtapata maji ya kuogelea bila kuyafuata mbali.

Upepo nao una neno. Kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, bahari inachafuka na mwani unarundikana ufukweni, na mwanzo wake una mvua za masika. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, ni jua na joto, na ndipo wageni wanapojaa. Mimi napenda matlai, ile miezi ya Oktoba na Novemba ambayo upepo umetulia na bahari iko laini. Mvua za vuli zinaweza kuwapiga kidogo, chukueni mwavuli.

Na msikodi gari siku ya mkesha wa Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka wala Idi. Magari ni ghali na barabara imejaa. Jumanne au Jumatano ya kawaida, kama mnaweza kupata ruhusa kazini, ni siku ya kifalme.

Gari: yaulizeni haya kabla ya kutoa pesa

Gari dogo linatosha. Njia yote ni lami, na vipande vya vumbi vya kuingilia magofuni vinapitika. Kinachowaponza watu ni mkataba.

La kwanza ni kilomita. Wakodishaji wengi huweka kikomo cha kilomita kwa siku, na kila inayozidi hulipiwa. Kwenda Malindi na kurudi ni 240, ongezeni kuingia Watamu, kuzunguka mji na kuingia Jumba la Mtwana, mtafika 280. Waambieni mapema, "Tunakwenda Malindi," na wawaandikie kwenye mkataba kwamba wamekubali.

La pili ni bima. Gari la mtu binafsi lenye bima ya matumizi ya nyumbani, likikodishwa likapata ajali, kampuni ya bima ina haki ya kukataa kulipa. Tazameni stika ya bima kwenye kioo, msome tarehe na aina ya matumizi. Ulizeni pia, ajali ikitokea, ni kiasi gani mtakachobeba ninyi wenyewe kabla ya bima kuanza kulipa. Jibu liwe la maandishi. Mtu akianza kusema "usijali, sisi ni watu wazima", tafuteni gari kwingine.

La tatu, andikisheni majina mawili. Hili nalisisitiza kwa wanandoa kwa sababu watu wengi hawaliulizi. Ikiwa wote mna leseni, wote muwe kwenye mkataba. Anayeendesha haioni bahari; anaona lori la mbele na tuta linalokuja. Sisi tunabadilishana Malindi. Yeye anaendesha asubuhi kwa kuwa ndiye mwepesi wa kuamka, mimi narudi na gari, naye hapo ndipo anapopata kuyatazama maji ya Kilifi kwa macho yote mawili.

Kisha kaguzi. Lizungukeni gari na simu mkirekodi video, taratibu, kila mlango, bampa, rimu, kioo cha mbele, viti, na dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta. Fungueni buti muone tairi la akiba lina upepo, jeki ipo, spana ya magurudumu ipo, pembetatu za onyo zipo, kizimamoto kipo. Polisi wa barabarani wanaweza kuviulizia, na wanaosimamishwa ni ninyi. Jaribuni taa zote, wipa, honi na kiyoyozi. Magari mengi ya kukodi yana kifaa cha kuyafuatilia, mwenyewe anaona kasi yenu akiwa ofisini, basi msishangae mkipigiwa simu.

Kama mwenye gari anakubali, lichukueni jana yake jioni. Mkilisubiri asubuhi mtapewa saa 2, na siku imeshakatika.

Mafuta: gari dogo la injini ya 1300 linakwenda kilomita 14 au 15 kwa lita, kwa hiyo lita 20 zinatosha safari yote. Bei ya juu ya mafuta Kenya hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi. Mkisafiri katikati ya mwezi, angalieni kama imepanda au imeshuka kabla ya kujaza.

Asubuhi: barabara ni ya kupita tu

Tokeni saa 12, mwanga ukishachomoza. Msitoke gizani kwa kutaka kuwahi. Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, saa hiyo ni jepesi, na Bamburi na Shanzu mnapita kabla matatu hazijaanza kugombea abiria. Kutoka Mtwapa kwenda Kilifi barabara imekuwa ikipanuliwa, kwa hiyo tegemeeni njia za pembeni, vumbi, na mabango ya kupunguza mwendo. Mijini kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Kiheshimuni hasa palipo na shule, maana saa 1 asubuhi watoto ndio wenye barabara.

Mkipita Vipingo mkonge umejipanga mistari pande zote, na mibuyu imesimama katikati yake. Itazameni mkiwa mnakwenda. Daraja la Kilifi, lililokamilika 1991, lilimaliza zama za watu kupanga foleni kusubiri kivuko. Msisimame juu yake kupiga picha, ni hatari na mtakamatwa. Baada ya Kilifi mji unakwisha na kijani kinaanza. Ule msitu unaoandamana nanyi upande wa kushoto mpaka karibu na Gede ni Arabuko Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, na ndani yake kuna ndovu, na bundi mdogo aliyepewa jina la Sokoke kwa kuwa hapo ndipo maskani yake makuu. Punguzeni mwendo, wanyama huvuka.

Choo na maji: vituo vya mafuta vya Kilifi. Dakika kumi, mwendelee. Saa 2 na nusu mko Malindi, au saa 2 mmekunja Gede kwenda Watamu kama ni siku ya bamvua.

Malindi: tumbo, kisha mji wa kale

Msile kabla ya kufika. Katika hoteli ndogo za mjini, zile za mabenchi na sufuria mlangoni, mtapata mahamri ya moto na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye iliki. Agizeni sahani moja ya mbaazi mle pamoja, maana inakuja imejaa, na hamri likipasuliwa likichovywa linakunywa tui lote. Kwa shilingi chache mmeshiba mpaka mchana.

Kisha liacheni gari mahali penye mlinzi mtembee. Karibu na ufukwe, penye Msikiti wa Ijumaa, kuna makaburi ya mnara. Ni nguzo za mawe zilizojengwa juu ya makaburi, mtindo wa Waswahili wa kale ambao mtauona pia Gede na Mnarani. Hapa ndipo mji huu ulipokuwa na ukubwa wake. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga mpaka kwa mfalme wa China. Nikiuona ufukwe ule na mashua zake nafikiria mnyama yule akipandishwa chomboni, shingo yote ile, na safari ya miezi mbele yake. Vasco da Gama alifika baadaye, Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha mpaka India. Nguzo yake yenye msalaba imesimama juu ya mwamba upande wa kusini wa mji. Kuna ada ndogo ya kuingia, na upepo wa pale ni mzuri. Kanisa dogo la Wareno lenye makaburi liko njiani kuelekea huko. Francis Xavier, yule padre mmisionari, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Kwa maoni yangu, mkiwa na muda mfupi, makaburi ya mnara yana haki kuliko nguzo ya Mreno, ijapokuwa waongozaji wote watawapeleka kwenye nguzo kwanza.

Msivae nguo za kuogelea hapa. Mto Sabaki unamwaga maji yake kaskazini kidogo ya mji, ukibeba udongo wa bara, na hasa wakati wa kaskazi mkondo unausukuma udongo huo kuelekea Malindi. Maji yanakuwa ya rangi ya chai. Hayana ubaya, ila Watamu iko karibu na ni safi zaidi.

Kitu kimoja cha Malindi ambacho hampati Mombasa kirahisi: aiskrimu ya Kitaliano. Wataliano wamekaa huku miaka mingi, mpaka wauzaji wa vinyago wanazungumza lugha yao bila kusita. Nunueni kikombe kimoja, vijiko viwili.

Gede: saa moja na nusu, msiipunguze

Gede iko kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, karibu na barabara kuu. Kama mna nafasi ya gofu moja tu siku hiyo, liwe hili. Mji ulianza karne ya 12 hivi, ukastawi, na kufikia mwanzo wa karne ya 17 watu walikuwa wameuacha. Msitu ukaufunika. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba 1948. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Malipo ni kwa simu, hakikisheni mna chaji na pesa kwenye M-Pesa.

Mchukueni mwongozaji wa pale. Bila yeye mtaona kuta. Akiwapo mtaona nyumba, maana wachimbaji walizipa majina kwa vitu walivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399. Kuna vipande vya vyombo vya China, vyoo na mabafu ya watu waliokuwa wakijua raha ya nyumba. Na kuna visima. Egemeeni ukingo wa kisima kimoja mtazame chini. Mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa ni maji kushuka ardhini, na ukiona urefu ule unaielewa hoja hata kabla hujaambiwa.

Mara moja tulipokuwa kwenye Nyumba ya Mkasi, mume wangu alisimama mlangoni, akatazama upana wa chumba, akaniambia, "Mke wangu, hiki hakizidi chumba chetu."

"Na walizaa humu," nikamwambia.

Akapima kwa hatua. Kweli hakikuzidi. Tulikaa pale kwenye kizingiti muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile, tukipanga vitanda vya watu: huyu angelala hapa, mtungi ungekaa pale, mlango ungefungwa na nani usiku. Ndiyo maana nawaambia msiipunguze Gede. Ni mahali pa wawili kuzungumza. Miti ni mikubwa, kivuli kinatosha, na kelele za barabara hazifiki.

Chakula kiacheni garini. Kima wa pale wamezoea watu, ndizi wanainyakua mkononi.

Pembeni ya geti kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993. Wakulima wanaoishi kandokando ya Arabuko Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga, ambayo husafirishwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho. Msitu ukikatwa, vipepeo hakuna, na pesa hakuna. Dakika 20 zinatosha, na asali yao ni ya kweli.

Watamu na Mida

Kutoka Gede kunjeni kuelekea baharini, kilomita 5 au 6. Hifadhi ya bahari ya Watamu ni ya tangu 1968, na kuingia maji ya hifadhi kuna ada ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, nayo inalipwa kwa simu. Kama hamtaki mashua, ghuba ya mjini inatosha kwa kutembea na kuoga.

Vaeni viatu vya kuingilia majini, hata malapa ya kufunga. Kwenye mawe kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukivunjikia mguuni safari imekwisha. Siku ya bamvua, tazameni saa. Maji yakianza kurudi yanarudi kwa kasi, kati ya mita 3 na 4 ndani ya saa sita, na yanaanza kwa kujaza mifereji iliyo nyuma yenu mkiwa bado mmesimama pakavu kwenye mwamba. Mkiona maji yanatiririka kuelekea pwani, geukeni. Mawe hayakimbii.

Vijana wa ufukweni watakuja, wa mashua, wa vikuku, wa kuwaonyesha samaki. Salimianeni nao vizuri, mseme mapema mnachotaka na msichotaka. Mkikubali mashua, bei iwe ya wote wawili, kwenda na kurudi, na ada ya hifadhi ikiwa ndani au nje, kabla hamjanyanyua mguu.

Msile chakula kizito Watamu. Kwenye njia ya kurudi Gede, upande wa Dabaso, kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko ya hori la Mida, na mwisho wake mkahawa wa kikundi cha wenyeji wanaofuga kaa na kuhifadhi mikoko. Agizeni sambusa za kaa kabla ya kwenda kutembea, zikaangwe mkiwa kwenye mbao. Siku ya bamvua saa 10 mnakaa maji yakiwa chini ya miguu. Siku ya maji mafu mnaona matope, kaa wekundu wakiingia mashimoni, na ndege wenye midomo mirefu wakichokoa. Mwenzangu anapenda maji. Mimi napenda matope, kuna mengi ya kutazama.

Lakini saa 10 na nusu muwe kwenye barabara kuu. Hapo pana utamu wa kukaa, na ndipo wengi wanapojichelewesha.

Kurudi: Kilifi au Jumba la Mtwana, si vyote viwili

Gede mpaka Kilifi ni dakika 45. Hapa amueni. Mkiwa na saa moja ya mwanga, chagueni kimoja.

Kilifi ni ya waliochoka. Kunjeni kushoto kabla ya daraja, kuelekea Bofa, muoge mara ya mwisho kama maji yapo, mnunue korosho na dafu. Au vukeni daraja mwende Mnarani, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 15 yaliyo juu ya genge, na kutoka pale hori lote liko mbele yenu, mashua zimetia nanga.

Jumba la Mtwana ni kwa waliowahi kuondoka Mida mapema. Kunjeni kushoto kabla ya kufika daraja la Mtwapa, kilomita 3 hivi mpaka baharini. Ni mji wa karne ya 14, na msikiti wake uko ufukweni kabisa, mawimbi yanakaribia ukuta. Karibu na msikiti kuna kaburi lenye maandishi ya aya, kila nafsi itaonja mauti. Hakuna umati. Mkiwa na muda wa kuswali Alasiri pale nje chini ya mibuyu na mivinje, tandikeni leso. Ulizeni saa ya kufunga mnapolipa, wasije wakawatoa mkiwa bado mlangoni.

Takaungu, ule mji wa Wamazrui upande wa kusini wa Kilifi, unastahili siku yake peke yake. Msiuchomeke.

Sisi tuna kanuni ndogo kwa safari ya kurudi: kila mmoja ana haki ya kusema "simama" mara moja, popote, bila kuulizwa sababu. Mimi huitumia kwa muhogo wa kukaanga na ndimu na pilipili. Yeye huitumia mahali nisipopategemea kabisa, mara nyingine kwa muuza mabuyu, mara nyingine kwa kutazama tu watu wakivuta jarife, ule wavu mkubwa.

Jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na nusu na dakika chache, mwaka mzima halibadiliki sana. Kabla giza halijaingia muwe Mtwapa. Foleni ya jioni inaanzia hapo na inaweza kuwaburuza mpaka Bombolulu. Mkishapita daraja la Mtwapa mkiwa na mwanga, hata foleni si kitu, taa za barabarani zipo na nyumbani ni karibu. Mkiona giza litawakuta Vipingo, fungeni mikanda, mwendo 70, na msilipite lori lolote kwenye kona.

Kurudisha gari

Jazeni mafuta Mtwapa au Nyali mpaka kiwango kile kile cha kwenye video ya asubuhi, mtunze risiti. Kung'uteni mchanga. Mkeka mmoja wenye mchanga unatosha mtu kuwatoza ya kuosha. Lifikisheni gari kukiwa na mwanga wa taa wa kutosha, mlizunguke tena na video pamoja na mwenyewe, mkiwa mmesimama wote watatu. Dashibodi ipigwe picha. Akisema mkwaruzo huu ni mpya, fungueni video ya kwanza mbele yake, kwa upole. Amana irudishwe hapo hapo kwa M-Pesa, na ujumbe ukiingia kwenye simu ndipo mnapompa funguo.